Kovu Kwenye Kofia ya Eudosia

Kazi yangu mimi huanza pale ya wengine inapoishia. Msukaji akishamaliza kusuka kofia, miezi na miezi ameinama, huniletea ikiwa na chane, zile nyuzi za ukindu, zinazoning'inia pembeni kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, nami nazifunga ukingoni moja moja zisije zikafumuka. Nikishamaliza, wako wa kuiosha, wako wa kuigonga kwa rungu, wako wa kuipiga pasi. Lakini kusuka kwenyewe, tangu utosini mpaka ukingoni, ni kazi ya mtu mmoja tu, na mtu huyo hapokezani na mwenzake. Kofia iliyoingiwa na mikono miwili huwezi kuificha. Iinue dirishani mwanga uipenye, utaona mstari umeizunguka, mahali ambapo chane zimekazwa zaidi au zimelegea zaidi. Hapa vilimani kwetu, juu ya mji wa Montecristi, mstari huo tunauita kovu. Kofia yenye kovu ni ya kujikingia jua tu, hata ukindu wake uwe laini kama hariri.

Shoga yangu Eudosia Pachay hakuwahi kuniletea kofia yenye kovu. Hata siku moja. Nilikuwa nikiipokea kofia yake naiinua dirishani kwa uchokozi, nikitafuta kosa, naye anasimama mkono kiunoni ananitazama.

"Tafuta, Ninfa, tafuta. Ukichoka kuna kahawa."

Alikuwa na maringo, sitamsingizia. Na mimi nilimpenda na maringo yake, maana aliyastahili. Hakuna kijijini aliyesuka kama yeye. Dalali wetu, Bwana Wellington, akipanda kilimani alianzia kwake, na sisi wengine tukisubiri makombo.

Eudosia hakujaliwa binti. Alizaa mwana mmoja, Ulbio, na Ulbio akaenda Manta kufanya kazi kiwanda cha jodari, akaoa mwanamke wa bondeni ambaye hakujua kuchana hata ukindu mmoja. Mwanamke mwenyewe ni Maryuri. Alipokuja kukaa kwa mama mkwe wake alikuwa keshapita thelathini, umri ambao wenzake wa hapa wameshapinda mgongo kwa kusuka. Akasema anataka kujifunza. Eudosia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa mikono hiyo ya kukandia unga?"

"Ndiyo, mama. Mikono mingine sina."

Basi akamfundisha, kwa namna yake. Kwa jinsi tunavyofanya, kalibu ya mti, lile umbo la kichwa, huwekwa juu ya kigogo cha miguu mitatu, mto juu yake, na msukaji hulalia mto ule kwa kifua, mikono ikichezea chane chini. Husukwa alfajiri na siku za ukungu, kwa kuwa jua likiwaka ukindu hukauka ukakatika, na vidole hutoka jasho. Maryuri alisuka kofia nene za sokoni mwaka baada ya mwaka. Kila akimaliza moja, Eudosia aliipapasa, akaitupa juu ya benchi bila neno. Siku akiwa na furaha alisema, "Mbuzi hawezi kuikataa." Maryuri aliokota kofia yake, akacheka, akaanza nyingine. Mimi ningekuwa nimeshamrushia kalibu.

Mwaka mmoja Ulbio alichoka kulala peke yake huko Manta. Akaja akasema kiwandani wanatafuta wanawake wa kusafisha samaki, na kwamba mkewe kama si msukaji basi aje kuishi na mumewe. Maneno yake yalikuwa na haki, siwezi kumlaumu. Eudosia wakati huo alikuwa ameanza kofia nyembamba, ile ya ukindu uliochanwa mpaka unafanana na uzi, ambayo Wellington alikuwa ameiomba tangu zamani. Akamjibu mwanawe, "Ngoja kofia hii iishe. Ikiisha nitasema mwenyewe kama mkeo ni msukaji au si msukaji. Nikisema siyo, mchukue." Maryuri alikuwa jikoni anaponda ndizi, na mwiko ukasimama. Hakuna kitu alichokitaka duniani kama kubaki kwenye ile nyumba mbele ya kalibu. Aliniambia mwenyewe, na hakuwa mtu wa kusema hovyo.

Sasa, macho ya Eudosia. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaingia yote mawili, na sote tulijua, na hakuna aliyethubutu kusema. Yeye alisema ni ukungu. Ukungu ulikuwepo kweli mwaka ule, ulikaa vilimani kana kwamba umepanga chumba, lakini ukungu hautetemeshi mikono. Nilikuwa nikipita kwake asubuhi namkuta amelalia mto wake, uso umegusa chane karibu kabisa, mdomo unahesabu. Nikimsalimia anajibu bila kuinua kichwa. Nilirudi nyumbani na huzuni, nikajiambia ni uzee tu, sote tutafika.

Asubuhi moja sikujibiwa. Alikuwa palepale juu ya mto, mikono imeshika chane, mwili unawaka moto. Mimi na Maryuri tulimbeba mpaka kitandani. Ilikuwa homa ya mapafu. Daktari alipokuja alisema kifua kile kisilalie tena mto wala kigogo kwa muda mrefu, pengine kabisa. Mimi ndiye niliyeitoa kofia kwenye kalibu ili niifunike kitambaa chenye unyevu, kwa hiyo niliona kwa macho yangu kazi ilikuwa imefika wapi: vidole vitatu chini ya utosi. Kumbuka hapo.

Kofia nyembamba haiwezi kusubiri mgonjwa apone. Ukindu uliolowekwa ukiachwa unageuka rangi, na chane zikikauka zinavunjika. Homa ilipopungua kidogo Maryuri alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, niruhusu niendelee."

Eudosia alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Utaitia kovu," akasema.

"Nitajitahidi, mama."

"Utaitia kovu. Endelea." Kisha akageukia ukutani.

Kesho yake alfajiri Maryuri alinijia mlangoni, shuka begani, bila hata kubisha.

"Shangazi Ninfa, njoo uone kitu."

Tukaenda. Aliiinua kofia dirishani, hajaweka hata chane yake moja. Nilitazama nikasogea karibu. Utosi ulikuwa wa Eudosia yule ninayemjua, duara ndani ya duara, safi. Ukiteremka kidole kimoja chini ya utosi, mstari. Na kutoka kwenye mstari ule kazi ilikuwa imelewa: hapa imekaza, hapa imelegea, hapa chane mbili zimepanda zikapitana. Kovu lilikuwa limeshaingia, na alilitia Eudosia mwenyewe. Alikuwa amesuka wiki nyingi gizani akidhani anaona.

"Fumua," nikamwambia.

"Shangazi!"

"Fumua mpaka hapo juu, usuke upya. Yuko kitandani, hajui kitu. Mimi sijaona, wewe hujafanya, kwisha maneno."

Nilijua ninachomwomba. Kwetu kazi ya mtu aliye hai haifumuliwi na mkono mwingine. Hufumua mwenyewe, au jamaa zake wakishamzika, wakifumua kofia aliyoiacha kwenye kalibu. Kumfumulia mgonjwa ni kama kwenda kumchimbia kaburi huku anakutazama. Wako watu hapa waliogombana miaka kwa safu moja tu ya chane. Lakini nilikuwa na hasira na ule mstari, na nilimwonea uchungu Maryuri, kwa sababu niliona wazi ni nani atakayebebeshwa lawama.

"Watasema ni wewe," nikamwambia. "Yeye mwenyewe atasema ni wewe. Utakwenda kukwangua magamba Manta kwa kosa lisilo lako."

"Najua."

"Sasa?"

"Ni mkono wake, shangazi. Siwezi kuufumua angali anapumua kwenye chumba cha pili."

Nilimwita mpumbavu. Nilimwambia na mengine ambayo siyarudii. Yeye akanawa mikono, akaweka kofia kwenye kalibu, akalalia mto.

Akasuka msimu mzima wa ukungu. Alfajiri kofia, mchana mgonjwa: supu ya samaki na karanga, nguo za kufua, dawa. Nilikuwa napita kuangalia, kwanza kwa shaka, baadaye kwa tamaa. Yale aliyoyatupiwa benchini miaka yote ile hayakuwa yamepotea bure. Mkono wake ulikuwa mkono wa Eudosia. Si kama wa Eudosia, ndio huohuo, wa Eudosia tuliyekuwa naye zamani. Alipofika ukingoni akaniletea nifunge, na zile chane nilizifunga polepole kwa woga wa kuiharibu.

Eudosia alipopata nguvu za kukaa, aliitaka kofia. Maryuri akamwekea mapajani. Tulikuwa watatu tu chumbani. Hakuipeleka dirishani, alifumba macho akaipapasa kwa ncha za vidole, kuanzia utosini, polepole, akizungusha. Nilimwona anatabasamu, anajitambua. Kidole kikateremka. Kikasimama.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo ulipoingia."

Nilifungua mdomo. Maryuri alinifinya paja chini ya shuka, alinifinya kweli, alama ilikaa.

"Ndiyo, mama," akajibu.

"Ona ulivyoanza. Hapa umekaza, hapa umeacha. Kama kuku amepita." Vidole vikaendelea kushuka. "Hapa sasa umetulia. Umejifunza njiani. Umejifunza juu ya kofia yangu." Akaiweka pembeni. Machozi yalikuwa yanamtoka, na Eudosia si mtu wa kulia. "Nilitaka hii moja tu itoke safi. Moja ya mwisho, basi. Sikulaumu, mkwe, nilikwambia utaitia kovu. Lakini nilimwahidi Ulbio nitasema kweli. Jumapili akija, nenda naye."

"Sawa, mama."

Nilitoka nje nikaupiga teke mlango wa banda la kuku. Nilitaka kurudi ndani nimpigie kelele yule mzee, nimwambie kila kitu, vidole vitatu na mtoto wa jicho na wiki zake za gizani. Maryuri alinifuata.

"Ukimwambia sitakusamehe."

"Unaona raha kuonewa?"

"Ana mikono tu, shangazi. Macho hana, kifua hana. Nikimwambia hata mikono imekwisha, atabaki na nini? Mimi nitasafisha samaki, sitakufa."

Alikuwa analia huku anasema. Nikaenda zangu.

Kumbe uongo wenyewe haukumtuliza Eudosia, ulimwamsha. Kama kovu lilikuwa la mkwe, basi yeye mkono wake ulikuwa mzima. Na kama mkono ni mzima, kwa nini akae? Siku ya pili nilimkuta kitini, kigoda kidogo mbele yake, anaanza utosi mpya mapajani, ukindu mwembamba kabisa. Daktari alikataza kulala kifudifudi, Eudosia alisema, hakukataza kukaa. Utosi huanzwa mkononi hata hivyo.

"Nitaisuka hii mwenyewe mwanzo mwisho," akaniambia. "Kwa kukaa, kwa kusimama, kwa kupiga magoti. Wellington akija Jumamosi nataka aione hata kama ni utosi mtupu. Asije akadhani ile nyingine ndiyo kazi yangu."

Nilitazama kile alichokuwa amekisuka, nikatazama pembeni haraka. Maryuri alikuwa mlangoni na nguo zilizokunjwa mikononi, akanitazama, akatikisa kichwa kidogo tu. Nikamwambia Eudosia unaendelea vizuri.

Ijumaa jioni, jua halijazama, nilikwenda kumrudishia ile kofia yenye kovu, niliyokuwa nimeichukua kuirudia ukingoni. Maryuri alikuwa kisimani. Eudosia akaipokea, akaiweka goti la kulia, na ule utosi mpya ukawa goti la kushoto. Alikuwa amechoka, mikono imetulia. Msukaji akiwa anasuka haisikii kazi yake, anasikia chane tu. Akikaa pembeni akapapasa, hapo ndipo anaisikia. Akapapasa utosi mpya, kama mtu anavyompapasa mjukuu bila kufikiri.

Akaacha. Akapapasa tena, taratibu. Kisha mkono mwingine ukaenda kwenye ile kofia yenye kovu, ukashuka chini ya utosi, ukakaa palepale pa mstari. Kidole kimoja huku, kidole kimoja kule, na kuyumba ni kulekule. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka.

"Ninfa."

"Naam, shoga."

"Siku ile nilipoanguka, kazi ilikuwa imefika wapi?"

Maryuri alikuwa amenikataza. Lakini kuna kuulizwa na kuna kuulizwa.

"Vidole vitatu," nikasema.

Akapima kwa vidole vyake mwenyewe. Vilipofika mwisho wa kile kidole cha tatu vilikuwa juu ya ile kazi nzuri, mwanzo wake kabisa. Akapapasa huko chini mpaka ukingoni, akarudi juu, akashuka tena.

"Na hakuifumua."

"Nilimwambia afumue. Nilimwomba. Akasema ni mkono wako."

Eudosia aliinamisha kichwa. Nilidhani atalia, nikasogea nimshike, lakini alichukua utosi mpya akaanza kuufumua, chane baada ya chane, akizinyoosha na kuzilaza mapajani. Nilikaa naye mpaka alipomaliza. Maryuri aliporudi na ndoo hakuambiwa neno. Aliona chane zilizonyooshwa, akafikiri mama amechoka, akazifunga fundo akaziweka pazuri.

Jumamosi Wellington alikuja na suruali yake nyeupe na jasho lake. Ni mtu mwema kwa ujumla, ila hajui kuuzuia mdomo. Alimkumbatia Eudosia, akamuuliza habari za mapafu, akanywa kahawa, macho yote yako kwenye kofia. Begi la Maryuri lilikuwa limefungwa kando ya mlango. Yeye alikuwa jikoni anasonga mabonge ya ndizi na jibini ya mgeni.

Wellington akaiinua kofia dirishani. Akaizungusha. Nilimwona uso ukimwanguka, kisha akacheka ili asiumize mtu.

"Ahaa. Hapa mkwe kaingia, siyo? Bibi Eudosia, mkono wako mimi naujua hata nikiota. Mpaka hapa ni wewe. Hapa chini kaja mwanafunzi, mwone anavyoyumba. Baadaye kajitahidi, sisemi hajajitahidi. Lakini kovu ni kovu, mama yangu, unanielewa."

Jikoni mwiko ukasimama.

"Nipe," akasema Eudosia.

Alipewa. Akafumba macho, kidole kikashuka kutoka utosini, kikasimama kwenye mstari. Akamshika Wellington mkono, akauleta pale.

"Hapa umesema ni mkwe?"

"Ndiyo, bibi."

"Hapa siyo mkwe. Hapa ndipo nilipozeeka."

Wellington hakujua pa kuangalia. Aliniangalia mimi, na mimi nilikuwa nafuta macho kwa ncha ya nguo bila aibu. Eudosia akauteremsha mkono wa yule bwana, kidole, kidole tena, akausimamisha.

"Mkwe kaingia hapa. Kutoka hapa mpaka ukingoni itafute kasoro. Mimi nimetafuta jana mpaka giza, sikupata."

Akaitafuta, kwa kuwa dalali ni dalali. Aliipeleka dirishani, akaipeleka mlangoni, akaigeuza ndani nje. Maryuri alikuwa ametokeza na sahani, amesimama, mvuke unamfuka usoni, haweki sahani wala harudi.

"Sioni," Wellington akasema, safari hii bila kucheka.

"Basi siku ukipanda tena huku usiulize kama mimi nipo. Muulizie fundi wa nyumba hii."

"Anaitwa nani?" akauliza yule bwana, maana miaka yote hiyo alikuwa akimsikia anaitwa mkwe tu, na mimi pia sikuwahi kumsikia Eudosia akilitamka jina lake hata mara moja.

Eudosia aligeuza uso kuelekea jikoni, ule upande alikosikia pumzi za mwenzake.

"Maryuri," akasema. "Anaitwa Maryuri. Mwana, weka sahani mezani, utaungua."